Piga Popote, Mayu

Mwaka huu, pamba ilipokwisha kuuzwa, nilipigiwa simu na mwanamke ambaye sauti yake sikuitambua. "Shikamoo baba. Mimi ni Kabula, wa kwa Ng'wandu. Pale Bariadi." Nilikuwa nimekaa nje ya nyumba yangu hapa Binza, Maswa, nabangua karanga za mbegu, na karanga zilizokuwa mkononi zikamwagika vumbini. Alisema baba yake alifariki mwaka jana, na wao watoto wamekubaliana kuibomoa nyumba ya zamani ya matofali ya udongo ili mama yao ajengewe nyingine palepale. "Mafundi wanaogopa kuvunja kuta, hawajui nyaya zimepita wapi. Mama akasema, kama fundi Shija bado yuko hai aje yeye, ndiye aliyezilaza." Nikamwuliza kama mama yake hajambo. "Hajambo, anakusalimia sana." Nikaitikia kwamba nitakuja, halafu nikabaki pale mpaka jua likanifuata kivulini. Mama yake ni Kija. Kutoka Maswa hadi Bariadi ni safari ya kwenda na kurudi kabla ya chakula cha mchana, lakini nilikuwa na miaka thelathini na saba bila kuingia katika nyumba ile. Ningeweza kumweleza Kabula kwa simu nyaya zilipopita. Zilikuwa chache, nazikumbuka zote. Mmoja tu ndio ambao nisingeweza kuueleza kwa simu.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na saba, nina cheti cha kidato cha nne na begi la vifaa, na nilijiona mtu mkubwa kwa sababu umeme ulikuwa umeingia mtaa wetu na mafundi tulikuwa wawili tu. Wa kwanza alikuwa Fundi Elikana, aliyenifundisha kazi. Alikuwa mtu mkimya, penseli sikioni, na kabla hajashika tindo alichora kwanza ukuta mzima. Mistari yake ilikuwa ya aina mbili tu, iliyosimama na iliyolala. Kutoka kwenye swichi waya ulipanda wima mpaka juu, ukalala sambamba na dari, kisha ukashuka wima mpaka kwenye soketi, na njia nzima ulikuwa ndani ya paipu. Siku moja nilimwuliza kwa nini tusikate mshazari, tukaokoa waya na jasho. Aliweka tindo chini. "Shija, wewe utaondoka hapa, na mimi nitaondoka. Atabaki mama mmoja na nyundo, anataka kutundika picha yake ya harusi. Huyo mama hana ramani. Ramani yake ni swichi. Akiiona, anajua juu yake na chini yake asiguse, kwingine pako salama. Ukipitisha waya mshazari umemdanganya, na siku ya kujibu wewe hutakuwepo." Nilicheka. Nikamwambia, "Sasa mzee, mtu atapiga msumari katikati ya ukuta mtupu kutafuta nini?" Akachukua penseli, akaendelea kuchora. Mwezi uliofuata nikaachana naye, nikaanza kufanya kazi peke yangu, na kazi yangu ya kwanza kubwa ikawa nyumba ya Ng'wandu.

Ng'wandu alikuwa mkulima wa pamba aliyepata msimu mzuri. Nyumba yake ilikuwa na sebule yenye viti vya mbao na vitambaa vya kufuma, chumba chake na mkewe Kija, chumba cha watoto, na chumba kimoja nyuma ya sebule alimoishi Mayu Mbuke. Mayu ni mama kwa Kisukuma, na kila mtu pale alimwita hivyo, ingawa hakuzaa. Alikuwa mke mdogo wa marehemu baba yake Ng'wandu, mjane, mwanamke mwembamba wa miaka sitini hivi. Chumba chake kilinuka samli na moshi. Kilikuwa na kitanda cha kamba, sanduku la bati, na vibuyu vilivyopangwa kwa ukubwa kama watoto wa darasa la kwanza. Miguu ilimsumbua, visigino vilikuwa vimepasuka mpaka nyama, kwa hiyo hakuvua katambuga zake, viatu vile vya tairi la gari, hata ndani ya nyumba. Kija alimtania, "Mayu, utazikwa nazo hizo." Naye alijibu akimwita ng'wanone, yaani mwanangu, "Nizike nazo, ng'wanone, huko niendako sijui njia ikoje."

Meinswichi niliiweka sebuleni, kwenye ukuta uliogawa sebule na chumba cha Mayu Mbuke. Soketi yake ilitakiwa mwisho wa ukuta uleule, upande wa pili, chini karibu na kitanda. Njia ya Elikana ingekuwa kupanda, kulala, kushuka. Niliupima ukuta kwa macho, nikaona roli la waya aliloninunulia Ng'wandu lingekwisha lote. Nikachukua tindo nikachimba mfereji upande wa sebule, kuanzia kwenye meinswichi mpaka chini kwenye soketi, mshazari, kama mtu anayekatiza shamba la mwenzake. Sikuweka paipu. Nikaulaza waya mtupu, nikauzika kwa udongo, na kufikia jioni Kija alikuwa amesiliba juu yake, hata mimi mwenyewe nisingeweza kuonyesha ulipo. Kipande cha waya kilichobaki nilikipeleka nyumbani kwangu nikaungia redio. Sikuona kama ni wizi. Niliona ni akili.

Nakumbuka chakula cha siku ile kuliko ninavyokumbuka vyakula vya harusi yangu. Ulikuwa ugali wa mtama, na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, yamepikwa na karanga mpaka yakawa mazito. Mayu Mbuke ndiye aliyeniletea, pamoja na bakuli la maziwa ya mgando. Nilipomaliza kunawa alisimama mlangoni, mkono mmoja umeshika nyundo ya Ng'wandu na mwingine msumari wa inchi nne. Alitaka kutundika kisabo, kibuyu chake cha kusukia maziwa. Zamani alikitundika kwenye nguzo, nguzo imeondolewa.

"Fundi, nyaya zako zimepita wapi, nisije nikazitoboa?"

Nilikuwa nimeshiba, nakunja begi langu. Hata sikugeuka. "Piga popote, mayu. Usipige tu juu ya swichi wala juu ya soketi."

"Popote?"

"Popote. Hiyo ndiyo sheria."

Akashukuru, "Wabeja sana, ng'wanone." Nikasikia nyundo ikilia mara nne. Nilikuwa tayari uani. Nimekuwa nikiyahesabu yale mapigo tangu siku ile.

Miezi ilipita na hakuna kilichotokea, au labda kilitokea na watu hawakukisema. Msumari ule ulikuwa umekwaruza waya, umekaa nao ubavu kwa ubavu ndani ya udongo mkavu. Udongo mkavu ni mpole. Baadaye Kabula, aliyekuwa na miaka tisa, alisema kisabo cha bibi kilimuuma kidole, wakamcheka. Kisha wakavuna, na baada ya kuvuna, kama kila mwaka, wanawake wakaanza kusiliba nyumba upya kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe. Kija alikuwa na mimba ya miezi sita. Alisiliba ukuta wa sebule akiwa pekupeku, kanga imefungwa juu ya tumbo, viganja vyote viwili vimelowa mpaka kwenye viwiko. Mayu Mbuke alikuwa upande wa pili wa ukuta uleule, chumbani kwake, naye anasiliba, na walikuwa wakiimbiana kupitia ukutani. Wimbo ukakatika upande wa Kija. Alirushwa akaanguka kwa mgongo juu ya ndoo. Ile mimba ilitoka siku ya tatu.

Mtu atakayesikia habari hii ataniuliza kwa nini fyuzi haikukatika. Naandika hapa ili fundi kijana asome. Umeme uliokuwa ukivuja ulikuwa mdogo mno kwa fyuzi na mkubwa mno kwa mtu aliyelowa. Fyuzi hulinda waya. Mtu analindwa na njia ambamo fundi aliupitisha waya huo.

Ng'wandu hakuwa mjinga. Kitu cha kwanza alichofanya ni kunitafuta. Alinikuta sokoni, akanishika bega, "Fundi, njoo uuangalie ukuta wangu, unauma watu." Nilipoingia sebuleni Kija alikuwa amelala kwenye mkeka, amejifunika mpaka kichwani. Nikatoa testa, ile bisibisi yenye taa ndogo, nikagusa ukuta pale aliponionyesha. Ulikuwa umeanza kukauka. Nikazunguka mpaka chumba cha Mayu Mbuke na kwa mara ya kwanza nikaona msumari ulipopigwa. Ulikuwa juu ya mfereji wangu hasa, kama aliyeupiga aliona ndani ya ukuta. Nikagusa kichwa cha msumari kwa testa. Taa ikawaka. Ilikuwa nyekundu, dhaifu, na mkono wangu ukaifunika kabla sijaamua kuifunika. Ng'wandu alikuwa nyuma yangu mlangoni.

"Vipi?"

"Hapa hapana umeme. Waya haupiti hapa. Waya hupita juu."

"Una hakika, fundi?"

"Nimepima."

Nimejiuliza mara nyingi nilikuwa naogopa nini. Kuonekana nimeua mtoto wa tumboni, ndiyo. Lakini nikisema kweli yote, niliogopa zaidi Elikana asikie. Niliogopa watu wa mtaani wamrudie yeye na kuniacha mimi. Nilitia testa mfukoni na nikajipa ahadi kwamba kesho nitarudi kwa kisingizio fulani niutengeneze ule waya, na hakuna atakayeumia tena. Watu husema uongo mmoja huzaa mwingine. Wangu haukuhitaji kuzaa, mmoja ulitosha.

Kwa sababu niliposema si umeme, nilikuwa nimewaachia swali wajibu wenyewe. Nilikaribishwa chakula, nikala, nashangaa leo kwamba nilikula. Yalikuwa matobolwa, viazi vikavu vilivyochemshwa, na chai ya maziwa. Chumbani kwa Ng'wandu walikuwa wakizungumza, na ukuta wa udongo hauzuii sauti. Alikuwepo Luhende, mdogo wake Ng'wandu, aliyekuwa ametoka kwa mfumu, mganga wa kupiga ramli, siku hiyohiyo. Kuku alikuwa amechinjwa na kupasuliwa, na mfumu amesema mbaya wao analala ndani ya ua uleule.

"Kama si umeme, ni mtu," alisema Luhende.

"Mtu gani? Tuko sisi tu hapa."

"Kaka, hebu hesabu. Kabula kaumwa. Shemeji kaumwa. Mimi mwenyewe juzi niliegemea pale nikasikia sisimizi mpaka begani. Nani hajaumwa?"

Nilisikia mtu akivuta pua.

"Anasiliba ukuta huohuo, upande wa pili, saa hiyohiyo," Luhende akaendelea. "Anashika msumari kila asubuhi, anatundika kibuyu chake. Ukuta unaumiza wote ila yeye. Na yeye hakuzaa, kaka. Hakuzaa."

Mimi nilijua nani hajaumwa, na nilijua kwa nini. Kiazi kilikuwa mdomoni. Nyumba nzima ilitembea pekupeku ndani, isipokuwa mwanamke mmoja mwenye visigino vilivyopasuka, ambaye alisimama juu ya vipande viwili vya tairi la lori. Mpira ulikuwa kati yake na ardhi. Elikana alinifundisha jambo hilo siku ya kwanza kabisa, hata kabla ya kunionyesha koleo. Nikameza, nikashukuru kwa chakula, nikaondoka.

Kesho yake sikurudi. Niliogopa kugusa waya huku watu wamejaa uani. Siku ya tatu waliniita wenyewe, saa tisa alasiri. Nilikuta ndugu kama kumi sebuleni na wengine madirishani. Walitaka fundi awepo, Luhende alisema, ili baadaye mtu asije akasema ni mambo ya umeme. Ukuta ulikuwa umelowanishwa kwa maji ya kata, kama siku ile ya kusiliba. Mayu Mbuke alikuwa amesimamishwa mbele yake. Kija, ambaye alikuwa bado hawezi kusimama vizuri, alikuwa amekalishwa kwenye kigoda karibu na miguu yake.

"Avue katambuga," alisema Luhende. "Ashike ukuta kama wenzake. Ukimuuma, tutamwomba radhi kwa mbuzi. Usipomuuma, mtajua wenyewe."

Hapo nikahisi nafuu, na aibu ya nafuu ile haijanitoka. Nikawaza, utamuuma, atalia, wataona si yeye, mambo yataisha, na mimi sitahitaji kusema kitu. Nikasubiri aumwe. Akavuliwa viatu. Akaweka viganja vyote viwili kwenye ule ukuta uliolowa, akafumba macho, maana hata yeye alikuwa amemsikia Kija akianguka. Sote tukazuia pumzi. Na katika kimya kile nikatambua kwamba kuna kitu sikisikii. Ng'ambo ya barabara palikuwa na mashine ya kusaga, ya mota ya umeme, iliyonguruma kuanzia asubuhi hadi jioni mpaka mtaa mzima ukaacha kuisikia. Ilikuwa kimya. Wanawake waliokuja na magunia walikuwa wamekaa nje kwenye kivuli, wanasukana nywele. Umeme ulikuwa umekatika. Sijui tangu saa ngapi, mchana ule nani angewasha taa akajua?

Ukuta haukumuuma. Alifungua macho, akautazama, akabonyeza viganja kwa nguvu zaidi, kama mtu anayeusihi.

"Mmeona?" alisema Luhende.

Mayu Mbuke aligeuza shingo akanitafuta kati ya watu. Viganja bado viko ukutani. "Fundi," aliniambia, "sema."

Watu wote wakanigeukia. Lilihitajika neno moja. Ningeweza hata kuinua mkono kuelekea kwenye ile mashine.

"Mimi nilishapima, mayu," nikasema.

Hawakumpiga. Nalisema hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu nilijifariji nalo kwa miaka mingi, kwa kuwa wengine katika nchi yetu waliotajwa hivyo hawakuishi mpaka asubuhi. Ng'wandu alilia kama mtoto, akawazuia vijana waliokuwa wameshika fimbo, akasema aondoke tu arudi kwa kaka zake Mwamapalala. Mayu Mbuke alifunga vitu vyake kwenye kanga moja. Kisabo alikiacha pale kwenye msumari, hakuna aliyethubutu kukigusa. Alipovuka barabara, pekupeku, mzigo kichwani, ile mashine ilikohoa, ikakohoa tena, ikaanza kunguruma. Wanawake wakainuka na magunia yao. Nilisimama uani nikaisikiliza. Sijui kama mtu mwingine yeyote mjini Bariadi aliisikia.

Nilirudi wiki hiyohiyo, nikamwambia Ng'wandu nataka kukaza skrubu za meinswichi. Nikaufungua ule waya wa mshazari, nikaukata kichwa, nikauacha umekufa ndani ya ukuta. Nilijiambia nimefanya jambo jema. Kuanzia siku ile ukuta haukumuuma mtu tena, hata uliposilibwa, hata mvua ilipouloanisha, na mtaa mzima ukasema: mmeona? Tangu aondoke, ukuta umetulia. Nilikuwa nimeutengeneza ukuta, na kwa kuutengeneza nikamhukumu kwa mara ya pili. Mwaka ule haujaisha nilihamia Maswa. Kwa haki niseme pia kwamba tangu hapo sijawahi kuzika waya mshazari, wala bila paipu, wala bila kumchorea mwenye nyumba karatasi ya kuonyesha nyaya zilipo. Watu wa Binza husema fundi Shija ni mtu wa sheria sana. Husema kwa kunisifu.

Basi nikaenda Bariadi. Kija alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki uani, mwanamke mzito mwenye mvi, akanipa mkono, akanisalimia kwa Kisukuma. "Mwadila, Shija. Umezeeka." Nikamwambia na yeye. Tukacheka. Kabula aliniletea chai na maandazi, akaniuliza waanzie ukuta gani. Ningeweza kusema kuta zote ni salama, waya wa ukuta wa kati umekufa siku nyingi, vunjeni. Ingekuwa kweli. Badala yake nikaomba nyundo na tindo, nikaingia sebuleni, nikajishikiza kwenye ukuta na kuanza kuparura mwenyewe, Kabula nyuma yangu ananiambia, "Baba, waachie vijana." Tabaka zilianguka moja baada ya nyingine, chokaa, saruji, udongo, udongo wa zamani uliokuwa bado na mabua ndani yake. Nilijua nitakachokiona. Lakini ulipotokea, mweusi, umelala mshazari kutoka juu kulia hadi chini kushoto, nikaweka nyundo chini, nikaketi sakafuni. Ulikuwa mfupi kuliko nilivyoukumbuka. Na katikati yake, umepenya kutoka upande wa pili, ilikuwapo ncha ya msumari wa inchi nne, ina kutu, imeegemea waya pale ulipochubuka.

Kabula aliinama akatazama. Yeye ni mwalimu wa sekondari, hahitaji kuelezwa mara mbili. "Huu si ule msumari wa kisabo?" aliuliza. Kisha akaniangalia, nikaona anahesabu, na uso wake ukabadilika mbele yangu. "Baba. Waya ulikuwa hapa?"

Kija alikuwa ameshaingia, ameshika fremu ya mlango. Nikamweleza yeye, si mwanawe. Nilieleza nikiwa nimekaa sakafuni katikati ya vumbi. Nikamweleza mfereji, nikamweleza "piga popote," nikamweleza taa ya testa na mkono wangu ulioifunika. Nikamweleza katambuga. Nilipofika kwenye mashine ya kusaga iliyonyamaza, akainua kiganja niache, halafu akakishusha, nikaendelea mpaka mwisho.

Hakupiga kelele. Alikuja polepole mpaka ukutani, akaweka kidole juu ya ncha ya ule msumari. Miaka thelathini na saba mwanamke huyu aliamini kwamba mtoto wake aliliwa na mtu aliyekuwa akiimba naye.

"Mimi ndiye niliyemvua," alisema. "Zile katambuga. Luhende aliniambia ni haki yangu. Mguu wa kushoto ulikuwa na kidonda, kamba imenata. Nikaivuta kwa nguvu. Hakupiga kelele. Alisema tu, taratibu, ng'wanone."

Nilifungua mdomo kuomba msamaha. Akaniambia ninyamaze, kwamba kunyamaza nakujua. Kisha akamwita Kabula amletee kanga ya kutokea.

Tulikwenda Mwamapalala siku ileile, sisi watatu, ule msumari umefungwa kwenye karatasi mkononi mwa Kija. Waliotupokea ni watoto wa kaka yake Mayu Mbuke, na mkubwa wao, Masunga, mfugaji wa makamo, alikuwa amemtunza shangazi yake miaka minne ya mwisho wa uhai wake. Kaburi liko nyuma ya zizi, limezungushiwa minyaa. Kija aliniambia, "Sema." Neno lilelile. Nikasema, mbele ya watu wazima na watoto wa boma lile, nikitaja jina langu kwanza na kazi yangu. Nilitegemea kupigwa. Masunga alisikiliza akitazama ardhi, na nilipomaliza akachora mchangani kwa fimbo yake ya kuchungia.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Shangazi alikuwa akikaa hapa mlangoni jioni, akisikia baiskeli tu, anauliza, ni fundi? Akasema fundi anajua, fundi atakuja kusema. Sisi tulidhani uzee." Akanitazama, bila hasira, kwa mshangao mtupu. "Tukawa tunamwambia, shangazi, huku kwetu hakuna umeme. Fundi aje kufanya nini?"